Zoezi, Sharti na Jicho: Kujifunza Kupiga Picha Katikati ya Msuli

Makala haya yana lengo la kueleza namna mtu anavyoweza kujifunza sanaa ya kupiga picha kwa njia ya mazoezi ya kubuni, huku ratiba yake imejaa kama daladala ya Mbagala saa 12 jioni. Ndugu msomaji anaweza kuuliza: jarida la uhakiki wa fasihi na mambo ya kamera wapi na wapi? Swali hilo nimeulizwa mara nyingi. Mara ya mwisho aliyeuliza alikuwa mhadhiri, tena mbele ya semina nzima. Alisema kwa upole tu kwamba mwanafunzi wa mwaka wa tatu achague moja, picha au digrii. Darasa likacheka, nami nikacheka. Hata hivyo hoja yake inastahili jibu la maandishi, kwa sababu ndani yake zimo hoja mbili. Ya kwanza ni ya muda. Ya pili, ambayo hakuitaja waziwazi, ni kwamba picha si fasihi, na kwa hiyo kila dakika inayokwenda kwenye picha imeibwa kutoka kwenye fasihi. Hoja ya muda nitaijibu kwa mkato. Hiyo ya pili ndiyo inayonikereketa, nayo nitakaa nayo zaidi.

Zoezi ni nini?

Wengi wetu tukisema "najifunza kupiga picha" tuna maana ya kujifunza kamera. Na kamera yenyewe, kusema kweli, haina mambo mengi. Mwanga unaoingia unatawaliwa na vitu viwili: ukubwa wa kitundu cha lenzi, na muda ambao kitundu hicho kinaachwa wazi. Kitu cha tatu ni wepesi wa filamu, au wa kile kipande cha kunasia mwanga katika kamera za siku hizi, kuuhisi mwanga huo. Ukiongeza kimoja huna budi kupunguza kingine, basi. Kitundu kikiwa kikubwa, nyuma ya mtu kunafifia. Kikiwa kidogo, kila kitu kinaonekana wazi kuanzia pua yake hadi mlima ulio nyuma. Muda ukiwa mfupi, mpira unaganda hewani. Ukiwa mrefu, mpira unakuwa mstari. Mambo haya unaweza kuyasoma jioni moja ukayamaliza. Wenye simu kama mimi tunapunguziwa hata hayo, kwa sababu kitundu cha lenzi ya simu nyingi hakibadiliki, na kilichobaki mkononi mwako ni mwanga, umbali na subira.

Kinachobaki baada ya jioni hiyo ni swali gumu: upige nini? Hapa ndipo wengi wanapokwama. Mtu anapiga machweo, anapiga maua, anapiga tumbili wa Mlimani (kila mwaka wa kwanza lazima apige tumbili, nadhani imo kwenye fomu za usajili), halafu wiki ya tatu simu inarudi kuwa simu. Zoezi la kubuni ni dawa ya hali hiyo. Ni agizo fupi linalokufunga mikono kwa namna fulani na kukuachia uhuru kwa namna nyingine. "Piga picha nzuri" si zoezi. "Piga picha ya mvua bila maji kuonekana" ni zoezi.

Kikundi chetu kina watu sita: wawili wa Fasihi, mmoja wa Jiografia, mmoja wa Uhandisi na wawili wa Elimu. Vyombo vyetu ni simu, pamoja na kamera moja ya kidijitali ambayo huyu wa Uhandisi amerithi kwa mjomba wake. Tuna kopo la kahawa. Kila mmoja aliandika maagizo kwenye vikaratasi akavikunja, na kila Jumapili jioni tunavuta kimoja. Ijumaa tunakutana, kila mtu anaonyesha picha moja, na zinajadiliwa. Hicho ndicho chuo chetu cha sanaa kizima.

Sasa suala la muda. Zoezi zuri halihitaji safari. Linapanda juu ya safari uliyo nayo tayari. Mimi natembea kutoka hosteli hadi darasani kila asubuhi nikitaka nisitake. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua letu halizungukizunguki. Linapanda karibu wima, takriban nyuzi 15 kwa saa. Ule mwanga laini wa asubuhi, wa rangi ya asali, ambao vitabu vya Ulaya vinausifu kana kwamba unadumu nusu siku, kwetu unakwisha mapema sana. Ikifika saa 2 vivuli vimeshaanza kukaza, na saa 6 mchana uso wa mtu una mashimo mawili meusi mahali pa macho. Ama kwa bahati ama kwa mpango wa Mungu, mwanga huo mfupi ndio ule ule wa kukimbilia kipindi cha kwanza. Natoka dakika kumi kabla ya wenzangu. Ukijumlisha dakika hizo na saa moja ya Ijumaa, hujafika hata muda ambao watu wanautumia kusubiri bumu litoke. Wiki za testi tunavuta vikaratasi vile vyepesi, na wiki za mitihani ya mwisho kopo linafungwa. Hoja ya muda, kwa maoni yangu, imekwisha.

Sharti si adui

Hebu tuingie kwenye fasihi. Mwanafunzi yeyote wa ushairi wa Kiswahili anaujua mgogoro wa miaka ya 1970. Upande mmoja walisimama waliosema shairi bila vina na mizani si shairi. Sheikh Kaluta Amri Abedi alikuwa ameshaziandika sheria hizo katika kitabu chake cha mwaka 1954, na mizani 16 kwa mshororo, minane huku na minane huku, ilikuwa ndiyo kipimo cha ufundi. Upande wa pili wakasimama vijana, na Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi mwaka 1974 kwa lugha isiyofungwa na arudhi. Tunausoma mgogoro huu kila mwaka, tunaujadili kila mwaka, na kila mwaka darasa linagawanyika kama Simba na Yanga.

Kwa mtazamo wangu, pande zote mbili tunazozishabikia darasani zinachanganya sheria na sharti. Sheria inasema: hivi ndivyo ilivyo, na asiyefuata yuko nje. Sharti linasema: kwa leo, jaribu hivi, tuone utatoka na nini. Mtu anayetafuta kina cha kati cha "-ani" analazimika kupita kwenye maneno ambayo asingeyapitia kamwe kama angeachwa huru, na njiani anaokota wazo ambalo hakuwa nalo alipoanza. Huo ndio utamu wa sharti. Huko Paris mwaka 1960 liliundwa kundi la waandishi na wanahisabati lililoitwa Oulipo, na kazi yao ilikuwa kubuni masharti ya namna hii. Mmoja wao, Georges Perec, alichapisha mwaka 1969 riwaya nzima isiyo na herufi "e", ambayo ndiyo herufi inayotumika kuliko zote katika Kifaransa. Watu wakaona ni mchezo tu. Lakini riwaya yenyewe inahusu kitu kilichopotea, na Perec alikuwa mtoto wa Kiyahudi aliyepoteza baba na mama katika Vita Kuu ya Pili. Jaribu kuandika ukurasa mmoja wa Kiswahili bila herufi "a" uone moto wake, kisha useme kama sharti ni mchezo.

Zoezi la picha linafanya kazi hivyo hivyo. Tofauti yake na arudhi ni kwamba lina mwisho: Ijumaa jioni sharti linakufa, na hakuna anayekuja kukuambia kwamba picha bila sharti lile si picha.

Kikaratasi cha kwanza tulichovuta kilisema: picha 36 kwa wiki nzima, hakuna kufuta. Aliyekiandika alikuwa anakumbuka filamu. Wazee wetu walinunua mkanda wa picha 24 au 36, wakaupiga, wakaupeleka studio kusafishwa, na siku kadhaa baadaye ndipo walipojua shangazi alifumba macho. Kila picha ilikuwa na bei. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, alikuwa na desturi ya kumpiga mteja picha moja tu, kwa kuwa kurudia ni gharama. Ukiziangalia picha zake unaona maandalizi yote yamefanyika kabla: kitambaa cha nyuma, mkono uwekwe wapi, kidevu kielekee wapi. Hapa kwetu pia biashara ya studio ni ya siku nyingi. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio pale Mji Mkongwe, Zanzibar, mwaka 1930. Na Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza na kamera ya Box Brownie akiwa bado mwanafunzi, miaka mingi kabla ya picha zake za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984 kuishtua dunia. Watu hawa hawakuwa na nafasi ya kupiga picha mia mbili kisha kuchagua moja.

Kikaratasi cha pili kilikuwa: kitu kimoja, mara 30. Edward Weston, Mmarekani, mwaka 1930 alipiga pilipili hoho mfululizo, na ile ya namba 30, iliyokaa ndani ya faneli ya bati, ndiyo iliyokuja kuwa maarufu. Watu wanaiangalia wanaona mgongo wa binadamu. Mimi nilichukua dumu la njano la lita 20 lililo mwisho wa korido yetu. Picha tano za kwanza zilikuwa za dumu. Kuanzia ya sita hadi ya kumi na tano nilikuwa nimechoka, na kwa kweli hapo ndipo zoezi linapokupima. Ya kumi na saba hivi nikaona kwamba mpini wake umepauka upande mmoja tu, ule unaoshikwa. Ya ishirini na mbili, asubuhi, jua likapita ndani ya dumu lenyewe na kuuonyesha mstari wa maji ukiwa chini kabisa. Ghafla ikawa si picha ya dumu tena bali ya maji yaliyokatika siku tatu. Sikuyapanga hayo. Ningeambiwa "piga picha kuhusu shida ya maji" ningepiga foleni ya ndoo, kama kila mtu.

Kuona kabla ya kutaja

Hapa ndipo naijibu ile hoja ya pili, na naomba nieleweke vizuri maana nagusa mkate wetu sote.

Tazama tunavyohakiki. Mwanafunzi anapewa riwaya. Kabla hajafungua ukurasa wa kwanza tayari ana orodha: dhamira, ujumbe, falsafa, msimamo, migogoro, nafasi ya mwanamke, wahusika, matumizi ya lugha. Anasoma akiwa ameshika chekeche. Anayechukua Rosa Mistika ya mwaka 1971 anatoka na "malezi mabaya" na "ukali wa wazazi". Anayechukua Kasri ya Mwinyi Fuad ya mwaka 1978 anatoka na "unyonyaji" na "utabaka". Majibu hayo si ya uongo. Tatizo ni kwamba ungeweza kuyapata bila kusoma, na wengi, si siri, ndivyo wanavyoyapata: desa la mwaka juzi linapita mkono hadi mkono, na mtu anafaulu bila kukutana na sentensi hata moja ya mwandishi. Tunataja kabla ya kuona. Mwaka wa kwanza na wa pili nimesikia mawasilisho mengi ya semina ambayo ungeweza kubadilisha jina la kitabu tu, na kila kitu kikabaki sahihi.

Viktor Shklovsky alikwisha kulisema jambo hili mwaka 1917 katika insha yake maarufu juu ya sanaa kama mbinu. Kwa muhtasari, anadai kwamba mazoea yanakula vitu. Kitu ukikizoea hukioni tena; unakitambua tu na kupita. Kazi ya sanaa ni kukifanya kigeni ili kionekane upya, na kulirefusha tendo lenyewe la kuona. Tumemsoma sote, tukamtaja mtihanini, tukapata alama zetu. Lakini mimi nilimwelewa siku tulipovuta kikaratasi kilichosema: pigeni Ukumbi wa Nkrumah usitambulike.

Ukumbi huo kila mtu anaujua. Uko nyuma ya noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010. Wahitimu wote wamepigwa picha mbele yake wakiwa na majoho. Tunaupita kila siku na hakuna anayeutazama. Kulikuwa na mabishano makali Ijumaa ile. Mmoja alikuwa amesogea hadi akapiga kipande cha ukuta pekee. Tukamwambia umekwepa, hiyo inaweza kuwa choo cha stendi. Mwingine alipiga kivuli chake chini kwenye majani saa 11 jioni, na kivuli kile kilichoinama kilionekana kama hema la msafara. Wa Jiografia alipiga kutoka ndani kuelekea nje, kiasi kwamba ukumbi ukawa weusi tu unaozunguka mwanga. Tulibishana kwa muda mrefu ni picha ipi bado ni ya Nkrumah na ipi imeacha kuwa, yaani kitu kikigeuzwa kigeni mno kinafika mahali kinakuwa si kitu tena. Sasa nioneshe semina yetu ya nadharia iliyowahi kuliuliza swali hilo. Nilirudi chumbani nikafungua tamthiliya niliyokuwa naandalia wasilisho, na kwa mara ya kwanza nikajikuta nasoma maelekezo ya jukwaani kabla ya kutafuta dhamira. Mlango ulikuwa upande gani. Nani alikuwa amekaa na nani amesimama.

Siwezi kudai kwamba kamera ndiyo njia pekee. Mwenzetu mwingine wa Fasihi anasema yeye hayo hayo anayapata kwa kunakili beti kwa mkono, na namwamini.

Kanuni ya Ijumaa inastahili maelezo, maana bila hiyo mazoezi yangekuwa mashindano ya kusifiana. Aliyepiga picha hasemi kitu mpaka wengine wote wamalize. Tunaanza na kilichomo tu: kuna nini, kiko wapi, mwanga unatoka upande gani. Anayesema "picha hii inaonyesha umaskini" anarudishwa nyuma. Aseme kwanza ameona nini. Wa Fasihi mtatambua kwamba hapo nimeazima kwa Roland Barthes, ambaye mwaka 1967 alitangaza kifo cha mwandishi. Maelezo ya mwenye kazi hayana kura. Huyu wa Uhandisi aliona huu ni ukatili, hadi siku alipokaa kimya dakika kumi akisikiliza watu watano wakieleza vitu vilivyomo kwenye picha yake ambavyo yeye mwenyewe hakujua amevipiga.

Nyuso zetu

Kuna kikaratasi ambacho hakikuwa chepesi, na sidhani tumekimaliza hadi leo. Kilisema: uso wa mtu usiyemjua, kwa ridhaa yake.

Tuanze na ufundi, kwa sababu ufundi wenyewe hapa una siasa. Kamera inapopima mwanga haijui inatazama nini. Inadhani kwamba dunia ukiichanganya yote inakuwa rangi ya kijivu cha wastani, na inarekebisha mwanga ili kijivu hicho kipatikane. Msimamishe mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe wa jengo letu, kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso unazama. Hilo ni hesabu tu. Ila kuna jingine ambalo si hesabu. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni ya Kodak iligawa kwenye maabara za kusafishia picha kadi za kulinganishia rangi, zilizoitwa kadi za Shirley, kwa jina la mwanamke aliyekuwa kwenye kadi za mwanzo. Mwanamke huyo alikuwa mzungu. Rangi ya ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha "sawasawa". Malalamiko yaliyosikilizwa, pamoja na mengine, yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao, ambao bidhaa zao za kahawia hazikutoka vizuri. Kadi zenye nyuso za rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Kwa hiyo wazazi wetu wanaposema "mimi sitokei vizuri kwenye picha", wajue si wao.

Dawa kwa mwenye simu ni kugusa uso wa mtu kwenye kioo, kisha kupandisha kale kajua kadogo kanakotokea pembeni. Au muhamishe mtu: mtoe ukutani, muweke mlangoni akitazama nje, nyuma yake kukiwa na giza la chumba. Ngozi yetu inapendeza sana kwenye mwanga wa pembeni, kwa sababu inarudisha mng'ao. Keïta alilijua hilo bila kusoma makala.

Ufundi umeisha, sasa mtu. Nilimwendea mama lishe mmoja wa nje ya geti. Nikamwamkia shikamoo, nikaeleza. Akaniuliza, "Mwanangu, ukishaipiga inakwenda wapi?" Nikamwambia inakwenda kwenye kikundi cha watu sita. Akauliza, "Na mimi napata nini?" Nikasema nitakuletea nakala. Akacheka, akanawa mikono, akavua aproni na kujifunga khanga safi, akaacha sufuria na kusimama wima kama yuko kwenye picha ya pasipoti. Mimi nilikuwa nautaka ule uso wa dakika tano kabla, ulioinama kwenye mvuke. Nikapiga aliyoitaka yeye.

Ijumaa kulikuwa na mgawanyiko. Wawili walisema picha ni baridi, mtu amejificha nyuma ya heshima zake, ningesubiri ajisahau nipige ile ya mvuke. Mmoja wa Elimu akauliza swali ambalo lilitunyamazisha: ile ya mvuke ingekuwa picha ya nani? Maana uso ule wa kuinama tumeshauona mno, kwenye kalenda za mashirika, mwanamke wa Kiafrika na moshi, hana jina, anahangaika. Huyu alipopewa nafasi alichagua kutokuwa hivyo. Nikakumbuka riwaya zetu chungu nzima ambazo mwanamke wa namna yake yumo ili ahangaike tu, na sisi wahakiki tunaandika "amechorwa kama chombo cha kuonea huruma" bila kujiuliza kama yeye angekubali kuchorwa hivyo. Mimi nipo upande wa khanga safi. Lakini nakiri kwamba picha ya mvuke ingekuwa nzuri zaidi, na sijui neno "nzuri" nilifanyie nini. Nakala nilimpelekea, imesafishwa saizi ya kadi ya posta. Ameibandika ndani ya banda, juu ya ndoo ya kunawia.

Kikaratasi cha mwisho muhula huu kilikuwa: mtu asiyekuwepo. Wa Jiografia alileta picha ya kitanda cha chuma kisicho na godoro, cha mwenzake aliyekosa mkopo akarudi nyumbani. Mimi nilikuwa nimekwenda Korogwe wikiendi ile, nikapiga tandiko la baiskeli ya marehemu baba. Ngozi yake imebonyea upande wa kushoto, kwa sababu mzee alikuwa akiendesha huku ameegemea upande ule tangu avunjike nyonga. Picha yake pekee tuliyobaki nayo nyumbani ni ya kitambulisho, na humo hana nyonga.

Barthes huyo huyo aliyemuua mwandishi mwaka 1967, mama yake alipofariki mwaka 1977 alikaa akipekua picha za zamani akimtafuta. Aliandika kitabu juu ya hilo, kikatoka mwaka 1980, miezi michache tu kabla ya kifo chake mwenyewe. Alimpata mama yake katika picha moja, akiwa mtoto wa miaka mitano. Picha hiyo ameieleza kwa kurasa nyingi, lakini hakuichapisha kitabuni. Alisema kwa wengine ingekuwa picha ya kawaida tu. Basi Ijumaa ile, kwa mujibu wa kanuni, nilikaa kimya. Wenzangu walisema wanaona tandiko, ngozi kuukuu, mwanga wa dirishani kutoka kulia. Mmoja akasema limechoka upande mmoja. Wa Elimu akasema aliyelikalia alikuwa na maumivu.

Sikuwa na la kuongeza. Tukahamia picha iliyofuata.

Kopo kwa sasa limefungwa hadi mitihani ipite, maana hakuna anayetaka sapu kwa ajili ya vikaratasi. Ndani vimebaki kumi na moja. Anayetaka kujiunga muhula ujao aje na simu ya aina yoyote, hata yenye kioo kilichopasuka, na kikaratasi chake kimoja kilichokunjwa.